USIKU TUZIMISHE ORDINATERE AO TUIACHE IWAKE?

Katika nambari hii tunataka kujifunza pamoja ulizo moja linaloleta mabishano katika nyumba nyingi. Papa anasema: "Zimisha ile mashini, inakula umeme bure!" Yaya anajibu: "Hapana papa, ukiizimisha kila siku itaharibika upesi." Mama anauliza tu nani atakayelipa. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja anasema aliisikia kwa mtu anayejua. Sisi tutapima sababu hizo moja kwa moja, kwa hesabu na kwa mambo yanayojulikana, kisha tutajibu.

Tena tuseme mapema kwamba ulizo hili si la mchezo. Mara nyingi ordinatere moja imenunuliwa kwa mkusanyo wa jamaa nzima. Ndani yake kuna kazi ya mwisho wa masomo ya yaya, hesabu ya duka ya mama, na picha za babu aliyekwisha kufa. Mashini ikiharibika, si chuma tu kinachopotea.

1. MANENO TUNAYOPASHWA KUJUA

Ordinatere nyingi za kwetu zinasema Kifaransa. Kwa hiyo tutataja pia maneno unayoyaona kwenye kioo.

a) Kuwaka. Mashini yote inapata umeme, hata kama hakuna mtu mbele yake. Picha zinazotembea peke yake kwenye kioo hazipunguzi umeme. Zilitengenezwa kwa kulinda vioo vya zamani, kwa sababu picha moja ikikaa hapo siku nyingi ilikuwa inaacha alama.

b) Kulala (Veille). Kioo kinazimika na disiki inasimama, lakini kumbukumbu ya haraka inaendelea kupata umeme kidogo. Kumbukumbu hiyo ni kama ndoo yenye matundu: maji yanabaki ndani kwa sababu kuna mtu anayeendelea kujaza. Umeme ndio mtu huyo. Akienda, ndoo inakuwa tupu.

c) Kulala sana (Veille prolongée). Mashini inaandika kwenye disiki yote yaliyo ndani ya ile ndoo, kisha inazimika. Kesho inarudisha kila kitu pahali pake. Usiku hauhitaji umeme kwa kutunza kazi yako.

d) Kuzimishwa (Arrêter). Programu zinafungwa, maandiko yanawekwa kwenye disiki, na mashini inasimama. Lakini angalia: kama waya bado uko ndani ya prizi, sehemu ndogo ya ordinatere ya mezani bado inapata umeme, ili ingojee kidole chako kwenye kifungo. Kuzimisha na kutoa waya ni mambo mawili.

2. WAZO LA KUIACHA IWAKE LIMETOKA WAPI?

Wenye kusema "usizimishe" hawasemi uongo tu. Wazo lao lina asili ya kweli.

Sababu ya kwanza ni disiki. Disiki ya namna ya zamani iko na sahani inayozunguka mbio sana, na kichwa kidogo kinachosoma juu yake bila kuigusa. Katika mashini nyingi za miaka ya 1980, kabla ya kuzimisha ao kusafirisha, ilifaa kutoa amri ili kichwa kiende kukaa pahali pa usalama. Tena kila kuanza na kila kusimama kulichosha chombo. Watu wa wakati ule walifanya vizuri kuogopa. Kisha disiki zikatengenezwa ili kichwa kijiweke chenyewe.

Na leo? Kwa disiki nyingi za ordinatere za mezani, watengenezaji waliandika kwamba zimetengenezwa kwa kuanza na kusimama mara 50,000. Chukua kalamu. Ukizimisha mara moja kwa siku, ni mara 365 kwa mwaka. 50,000 gawanya kwa 365 inatoa karibu miaka 137. Hata ukizimisha mara kumi kwa siku, ni zaidi ya miaka 13. Na zile disiki mpya zisizo na sahani ya kuzunguka hazina kichwa cha kugusa kitu.

Sababu ya pili ni joto. Mashini ikiwaka vyuma vinapanuka, ikizimwa vinarudi. Na mahali palipounganishwa panaweza kuchoka. Hii ni kweli, lakini mara moja kwa siku ni kidogo. Upande mwingine, mashini inayowaka usiku kucha inabaki na joto bila kupumzika, na kipepeo chake kinavuta vumbi saa zote. Mwenye kufungua ordinatere mwisho wa kiangazi anajua vumbi hilo: linaziba njia ya hewa, na joto linazidi.

Sababu ya tatu ilikuwa nzuri kweli. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilianza kazi inayoitwa SETI@home. Wataalamu walikuwa na sauti nyingi za redio zilizotoka mbinguni, na hawakuwa na mashini za kutosha kuzichunguza. Wakaomba watu wa nyumbani watoe ordinatere zao wakati hawazitumii. Zaidi ya watu milioni 5 walijiandikisha. Wengi waliacha mashini ziwake usiku zikifanya hesabu. Kazi ya kugawanya sauti hizo ilisimama mwezi wa 3 mwaka wa 2020. Tunaona kwamba watu wale hawakuacha mashini iwake bure: ilikuwa na kazi. Lakini desturi ya kuacha inaweza kubaki hata kazi ikiisha.

3. TUFANYE HESABU YA UMEME

Tuchukue mfano. Ordinatere ya mezani isiyofanya kitu, pamoja na kioo kinachowaka, inakula wati 80. Tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa 9.

80 mara 9 = wati-saa 720 kwa usiku mmoja.
720 mara 30 = wati-saa 21,600 kwa mwezi, ndiyo kilowati-saa 21.6.

Mashini hiyo hiyo ikilala tu inakula karibu wati 2: wati-saa 18 kwa usiku. Ikizimishwa na waya kubaki ndani ya prizi, mara nyingi ni wati moja ao chini yake. Waya ukitolewa, ni sifuri. Ordinatere ndogo ya kubeba inayowaka bila kazi tuihesabie wati 10: ni wati-saa 90.

Sasa wati-saa 720 ni kitu gani? Taa nzuri ya leo ya wati 5 inatosha mtoto mmoja kusoma mezani. 720 gawanya kwa 5 ni saa 144. Kama mtoto anasoma saa 4 kila jioni, ni jioni 36. Ni kusema usiku mmoja wa mashini inayowaka bila kazi unakula mwangaza wa jioni 36 za masomo. Mkumbuke hesabu hii kuliko zote.

Kwa jamaa yenye paneli ya jua mambo ni magumu zaidi. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inashika wati-saa 1,200. Lakini batri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwani ikishushwa mara kwa mara inakufa upesi. Basi tuna wati-saa 600 za kutumia. Mashini yetu inadai 720, na konvertisere nayo inakula sehemu yake. Asubuhi hakuna mwangaza, simu hazikuchajiwa, na batri imeumia. Gharama ya batri mpya si ya mwezi mmoja kwa mzazi.

Na kwa jenereta hatuna haja ya hesabu. Hakuna mtu anayeacha jenereta ingurume usiku kucha kwa kutazama kioo kisicho na mtu mbele yake.

4. UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, na hapa watu wanachanganya mambo. Wanasema "kuzimisha kunaharibu mashini". Lakini mara nyingi walichokiona si kuzimisha. Ni kukatika. Kuzimisha ni kama mwalimu anayemaliza somo, anafuta ubao na kufunga mlango. Kukatika ni kama kumtoa mwalimu kwa nguvu katikati ya neno.

Umeme ukikatika, yote yaliyokuwa katika ile ndoo yenye matundu yanapotea. Kama umeandika kurasa kumi na hukuziweka kwenye disiki, kurasa kumi zimekwenda. Tena kama disiki ilikuwa katikati ya kuandika, orodha yake ya kujua kila kitu kiko wapi inaweza kuvurugika. Mashini za leo zina namna ya kutengeneza orodha hiyo peke yake zikiwashwa tena, lakini haziwezi kurudisha neno ambalo halikuandikwa kabisa.

Kisha kuna saa ya umeme kurudi. Kata nzima ilikuwa gizani. Kwa mara moja friji, pasi na mashini za kila nyumba zinavuta pamoja. Nguvu inaweza kushuka sana ao kupanda ghafula kabla ya kutulia. Mtu akiwa macho atangoja dakika chache ndipo atie waya. Mtu akiwa amelala, mashini yake inapokea kila kitu. Stabilizatere, kile kisanduku kinachosawazisha nguvu ya umeme, inasaidia. Ondilere, ile yenye batri ndani, inasaidia zaidi, lakini ya nyumbani imetengenezwa kwa kukupa dakika chache za kuzimisha vizuri. Ikiwa wewe unalala, nani atatumia dakika hizo?

Ordinatere ya kubeba iko na batri yake, kwa hiyo kukatika kwa usiku hakuiumizi namna ile. Unaweza kuilaza, kama umekwisha kuweka kazi yako kwenye disiki. Lakini hata hiyo ni vizuri kutoa waya, kwa sababu batri yake ikikaa imejaa na katika joto siku zote inazeeka mbele ya wakati.

5. RADI HAINA RAFIKI

Wanafunzi wa upande wa mashariki wasikie vizuri. Satelaiti moja ilihesabu radi tangu mwaka wa 1998 mpaka 2013, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2016. Pahali pa kwanza palikuwa ziwa Maracaibo kule Venezuela, karibu mimweko 233 kwa mwaka kwa kila kilometa moja ya mraba. Pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini: 205. Pa tatu ni Kampene, katika Maniema: karibu 177. Ni kusema, katika pahali patatu pa kwanza duniani, pawili ni pa kwetu.

Radi haina lazima ya kupiga nyumba yako. Ikipiga waya wa njia ao karibu yake, nguvu inakimbia ndani ya waya mpaka kwenye prizi. Hapo kifungo cha kuzimisha hakisaidii kitu, kwani tumekwisha kuona kwamba mashini iliyozimishwa bado imefungwa na waya. Hata stabilizatere haiwezi kusimama mbele ya radi. Dawa ni moja: kutoa waya ndani ya prizi, pamoja na kila waya mwingine unaotoka inje, kama ule wa antena. Na tuufanye kabla ya mvua kufika, si wakati radi imekwisha kuanza kupiga juu ya kichwa, kwa sababu mkono wa mtu ni wa bei kuliko mashini.

6. MASHINI NAYO INAPASHWA KUANZA UPYA

Mwingine atasema: "Mimi nina umeme mzuri, sina radi, ninalipa mwenyewe." Hata huyo anapashwa kujua jambo moja. Programu zinazofanya kazi siku nyingi bila kusimama zinakusanya makosa madogo, kama mtu asiyeosha sahani: sahani moja si kitu, baada ya juma hakuna pa kuweka chakula.

Mfano wa hesabu. Windows 95 na Windows 98 zilihesabu milisekunde tangu mashini kuwashwa, kwa tarakimu 32 za msingi wa mbili. Namba ya juu ni karibu 4,294,967,296. Siku moja ina milisekunde 86,400,000. Gawanya: unapata siku 49 na karibu saa 17. Ikifika hapo hesabu inarudi sifuri, na mashini iliweza kukwama. Kosa hilo lilijulikana mwaka wa 1999. Aliyezimisha kila jioni hakuliona kamwe.

Mfano mwingine unahuzunisha. Si ordinatere ya nyumbani, lakini ugonjwa ni wa jamii ile ile. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran katika Saudia, mashini ya Patriot iliyowekwa kwa kuzuia makombora ilikuwa imewaka saa 100 bila kuanzishwa upya. Ilihesabu wakati kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sasa, sehemu ya kumi haiandikiki kwa ukamili katika msingi wa mbili, kama vile sehemu ya tatu haiishi katika msingi wetu wa kumi: 0.333 na kuendelea. Kila mara kipande kidogo kilikatwa. Baada ya saa 100 kosa lilikuwa karibu 0.34 ya sekunde. Ni kidogo, lakini kombora linakimbia zaidi ya nusu ya kilometa kwa muda huo. Mashini ilitazama pahali pasipo pake, haikupiga, na askari 28 wa Marekani wakafa. Programu iliyotengenezwa ilifika kesho yake. Kuanzisha mashini upya kungerudisha saa yake sifuri.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, ukibonyeza Arrêter, mashini nyingi hazisahau yote. Zinaandika moyo wa programu kwenye disiki na kuurudisha kesho, ili ziwake upesi. Kwa hiyo ikiwa mashini inasumbua, usibonyeze Arrêter tu. Bonyeza Redémarrer: hapo ndipo inaanza upya kweli.

7. JIBU LETU

Kuna mashini zisizozimwa, na ni haki yao: za hospitali, za banki, za kampuni za simu. Lakini zina kazi usiku, zina batri na jenereta, na zina walinzi. Basi sisi tunasema kila mtu ajiulize maulizo mawili kabla ya kulala:

Usiku huu mashini iko na kazi gani?
Umeme ukisumbua, nani ataichunga?

Kama yaya anapakua kitabu kikubwa kwa mega za bei ya usiku, iko na kazi: azimishe kioo, aiache imalize. Kama programu inajitengeneza na kioo kinasema usizimishe, usizimishe. Na kama batri inakaribia kuisha, usianze kazi hiyo leo, ngoja umeme mzuri. Lakini kama hakuna kazi wala mlinzi, izimishwe na waya utolewe. Papa ana haki, ingawa si kwa sababu ya umeme peke yake. Na yaya asione haya: wazo lake lilikuwa la kweli kwa mashini za wakati mwingine.

8. NAMNA YA KUZIMISHA VIZURI

Kwanza: weka kazi yako kwenye disiki. Kama ni kazi ya maana, iweke pia pahali pa pili, kwenye USB ao kwa rafiki.
Pili: funga programu zote wewe mwenyewe.
Tatu: bonyeza Arrêter, si kifungo cha chuma. Kukishika kifungo sekunde nyingi ni sawa na kukatika kwa umeme. Ni kwa mashini iliyokwama tu.
Ine: ngoja taa zizimike na kipepeo kisimame.
Tano: toa waya ndani ya prizi, ukishika kichwa chake, usivute waya.
Sita: funika mashini kwa kitambaa kisafi ikiisha kupoa. Isifunikwe kamwe ikiwa inawaka.
Mara moja kwa juma, bonyeza Redémarrer kabla ya kazi.

MAULIZO

1. Kuna tofauti gani kati ya Veille na Veille prolongée? Ni ipi inayofaa pahali ambapo umeme unakatika usiku?
2. Kioo peke yake kinakula wati 20. Kikiachwa kiwake saa 9, ni jioni ngapi za taa ya wati 5 inayotumiwa saa 4?
3. Batri ya amperi-saa 200 na volti 12 inaruhusu wati-saa ngapi, kama hatushuki chini ya nusu?
4. Kwa nini mashini iliyozimishwa bado inaweza kuuawa na radi?
5. Andika sehemu ya kumi (1/10) katika msingi wa mbili mpaka tarakimu ya kumi na mbili. Unaona nini?
6. Kazi ya nyumbani: uliza jamaa yako ni vyombo gani vinavyobaki ndani ya prizi usiku kucha bila kazi. Fanya orodha, na ukae na wazazi kutazama ni vipi vinavyoweza kutolewa.

Majibu ya maulizo 2, 3 na 5 yaletwe kwa wanakundi wa buletini. Tutayatazama pamoja katika nambari inayofuata.